Mkimbizi Asiye na Kibali cha Kazi ni Faida ya Nani?

Kila inapozungumzwa habari ya wakimbizi na ajira katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hoja moja huletwa mbele kana kwamba ni amri isiyojadiliwa. Husemwa kwamba mkimbizi akiruhusiwa kufanya kazi, Mtanzania atakosa kazi. Kwa hiyo njia ya kumlinda Mtanzania ni kumfungia mkimbizi kambini na kumnyima kibali. Hoja hiyo husemwa maofisini, hurudiwa katika vyumba vya walimu, na huitikiwa na watu ambao, kwa elimu waliyopewa na Taifa, walipaswa kuipima kwanza.

Yafaa basi ipimwe. Na ikipimwa itaonekana wazi kwamba haimlindi Mtanzania hata kidogo. Anayelindwa nayo ni mwajiri asiyependa kulipa.

FUNZO LA KAGERA

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Upo hapa hapa, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mwezi Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, maelfu ya Warundi walivuka mpaka kuja Tanzania. Miezi sita baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Miili ya ndugu zao waliouawa ilikuwa ikielea katika Mto Kagera hadi ziwani. Tanzania iliwapokea. Hiyo ni sifa ambayo hakuna awezaye kuifuta.

Lakini wakimbizi hao walipokelewa kama watu wa kulishwa, si kama wafanyakazi. Je, kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi, hawakufanya kazi? Walifanya. Walipalilia migomba, walilima mahindi, walichota maji, walikata kuni, walijenga nyumba. Walilipwa kile alichopenda mwenye shamba, na mara nyingine walilipwa chakula tu.

Wachumi waliolinganisha takwimu za kaya za Mkoa wa Kagera, zilizoanza kukusanywa mwaka 1991 na kukusanywa tena mwaka 2004, walitoa jibu ambalo kila mtumishi wa umma angepaswa kulijua. Ujio wa wakimbizi haukuwaathiri Watanzania wote kwa namna moja. Wakulima waliokuwa na mazao ya kuuza na uwezo wa kuajiri vibarua walinufaika, na wafanya biashara walinufaika pia, kwa sababu soko lilipanuka na vibarua wakawa rahisi. Aliyeumia ni Mtanzania aliyeishi kwa kuuza nguvu za mikono yake katika mashamba ya wengine. Huyo alipata hasara mara mbili: alishindania kibarua na watu wasio na uwezo wa kukataa ujira wowote, na alinunua chakula ambacho bei yake ilikuwa imepanda.

Kwa maneno mengine, kumnyima mkimbizi haki ya kazi hakukumtoa katika soko la kazi. Kulimwingiza humo kwa mlango wa nyuma, akiwa hana jina wala mkataba. Na mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma hushusha ujira wa kila aliyeingia kwa mlango wa mbele.

MIALONI

Yaliyotokea katika mashamba ya Kagera yanaweza kutokea katika kila mwalo wa Ziwa Victoria. Uchumi wa Mwanza, kuanzia soko la Mwaloni Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, umesimama juu ya migongo ya vibarua: anayevuta nyavu usiku wa giza, anayeanika dagaa mchangani, anayepakua magunia, anayekata minofu ya sangara. Wengi wao huajiriwa kwa neno la mdomo. Mwenye chombo, ambaye wavuvi wenyewe humwita tajiri, hukata kwanza gharama za mafuta na nyavu, ndipo hugawa kinachobaki.

Katika kazi za namna hiyo kinga za kibarua ni mbili tu: uwezo wa kukataa, na uwezo wa kushtaki. Mtanzania anazo, japo kwa taabu. Anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anaweza kujiunga na chama cha wafanyakazi. Anaweza kumwendea kiongozi wa kijiji au diwani wake akasikilizwa. Mtu aliyetoroka kambini hana hata moja. Akidhulumiwa ujira wa mwezi mzima na akathubutu kulalamika, atakayekamatwa ni yeye, si aliyemdhulumu. Mwajiri asiye mwema analijua jambo hilo fika, na ndiyo sababu humpenda kibarua wa aina hiyo kuliko mwingine yeyote. Siku Mtanzania aliye pembeni yake atakapodai nyongeza, ataonyeshwa mlolongo wa watu wasioweza kudai kitu.

Mwezi Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ilipita katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ikawaondosha maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu, baadhi yao wakiwa wamekaa nchini kwa miaka mingi. Mashamba waliyokuwa wakiyalima yalibaki na wenyewe, na faida iliyotokana na jasho lao ilibaki mfukoni mwa waliowatumikisha. Msako unaomwandama kibarua na kumwacha mwajiri hauwezi kuitwa ulinzi wa ajira ya Mtanzania. Ni kufagia uani na kuliacha jalala sebuleni.

TAIFA LILIKOTOKA

Wako wanaodhani kwamba kumpa mkimbizi kazi ni mawazo mapya yaliyoletwa na mashirika ya Ulaya. Hao hawaijui historia ya nchi yao wenyewe.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 na wauguzi wa Kiingereza wakaanza kufungasha mizigo, wauguzi 20 Waafrika kutoka Afrika Kusini, waliopangwa na chama cha ANC, walikuja kujaza nafasi katika hospitali za Tanganyika. Hawakuulizwa kwa nini wasikae kambini wakisubiri ukombozi. Walipewa wodi na wagonjwa. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971, wasomi wa nchi hiyo waliokimbilia Tanzania walifanya kazi: Yoweri Museveni alifundisha katika Chuo cha Ushirika Moshi, na Mahmood Mamdani alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maelfu ya Watanzania walioongoza ofisi na shule za nchi hii walipata elimu yao katika miaka ambayo mhadhiri mkimbizi lilikuwa jambo la kawaida.

Wala fursa hiyo haikuwa ya wasomi pekee. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waligawiwa ardhi, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Watoto wao walisomeshwa kwa mtaala wa Tanzania na kwa Kiswahili. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa serikalini, kwa kuwa wakazi wake walikuwa wakijilisha wenyewe. Ni kwa mwenendo wa namna hiyo kwamba Mkutano wa Afrika juu ya wakimbizi ulifanyika Arusha mwezi Mei 1979, na kwamba Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983.

Wazee walikwisha kuisema siasa hiyo kwa maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji anayempa mgeni jembe hamfukuzi wala hamwonei. Anamtoa katika aibu ya kula asichokitolea jasho. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisimama juu ya msingi huo huo: kwamba kila awezaye kufanya kazi afanye, na kwamba wa kutegemea jasho la wengine ni watoto, wazee na wasiojiweza peke yao. Mtu mzima mwenye afya na ujuzi, anayelazimishwa kukaa akisubiri mgawo wa unga, ametiwa katika kundi asilostahili kuwamo, na aliyemtia humo ameuvunja msingi wa Azimio.

JEMBE LILIVYOFICHWA

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Idadi ilikuwa kubwa mno, na miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo wauaji waliojificha nyuma ya raia. Hofu ya Serikali ilikuwa na sababu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1965, na ukaaji wa kambini ukawa ndiyo kanuni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka uliofuata amekwisha kuwa mtu mzima, na huenda ana watoto. Amesoma kwa mtaala wa nchi ambayo hajapata kuiona, kwa lugha ya Kifaransa. Cheti chake hakimfungulii mlango Mwanza, na Kongo anakotarajiwa kurudi risasi hazijanyamaza.

Ndani ya kambi wapo walimu, wauguzi, mafundi seremala, mafundi cherehani na waashi. Mwalimu anayefundisha humo, au mkunga anayezalisha humo, hapewi mshahara. Hupewa posho ndogo, kwa kuwa kisheria si mwajiriwa. Hapandi cheo. Hahesabiwi miaka ya utumishi. Mtumishi wa umma anayesoma maneno haya na ajifikirie yeye mwenyewe: afanye kazi ile ile kwa miaka 15, bila daraja kubadilika, bila mafunzo, bila akiba ya uzeeni. Ni ujuzi gani utakaobaki ndani yake?

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria yenyewe haikufunga mlango. Sheria ya Ajira za Wageni ya mwaka 2015 iliweka madaraja ya vibali vya kazi, na daraja E likatengwa kwa ajili ya wakimbizi. Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao unataja haki ya mkimbizi kuajiriwa. Mlango upo. Lakini mtu haruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha kutoka. Asipotoka hawezi kumwona mwajiri. Asipokuwa na mwajiri hawezi kuombewa kibali cha kazi. Hapo ndipo urasimu unapokula matunda ya sheria kabla hayajaiva.

HOJA ZA WAPINGAJI

Hoja ya kwanza ni ya vijana. Husemwa kwamba vijana wetu wenyewe hawana kazi. Ni kweli, na si jambo la kufanyiwa mzaha. Wapo walimu waliohitimu Butimba na vyuo vingine ambao wamesubiri kuajiriwa hadi wamechoka. Lakini mwalimu huyo hakunyang'anywa nafasi na mkimbizi. Nafasi yake imo katika ikama na bajeti, na huko ndiko mapambano yake yalipo. Hakuna anayedai kwamba mkimbizi apewe nafasi ya Mtanzania katika utumishi wa Serikali. Kinachodaiwa ni kwamba pale ambapo sheria imekwisha kukubali mgeni aajiriwe, mkimbizi naye afikiriwe. Sheria ile ile ya mwaka 2015 imetenga daraja B kwa wataalamu wa fani adimu, wakiwamo wa afya na walimu wa sayansi na hisabati. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa mwezi Juni 2025, lilijengwa na wakandarasi wa China, na wataalamu wao walifanya kazi pale kwa vibali halali. Kama nchi inaweza kumpa kibali mtaalamu aliyeletwa kwa ndege, itaonaje shida kumpa kibali mwenye ujuzi aliye tayari nchini, tena anayezungumza Kiswahili?

Hoja ya pili ni ya usalama. Hii nayo ni nzito, hasa kwa watu wa Kagera na Geita. Lakini usalama hujengwa kwa kujua nani yuko wapi. Mkimbizi mwenye kibali ana jina, ana mwajiri, ana namba ya mlipa kodi na mahali anapolala. Mkimbizi aliyetoroka na kujificha katika kisiwa cha wavuvi hana hata kimoja. Mpelelezi yeyote mwenye akili atasema ni yupi kati ya hao wawili amlalishaye macho.

Hoja ya tatu ni kwamba mkimbizi akipewa kazi hatarudi kwao. Historia inapinga. Vijana wa Afrika Kusini waliosomeshwa na kufundishwa ufundi huko Mazimbu, Morogoro, kuanzia mwaka 1978, walirudi kwao ubaguzi ulipovunjika, na chuo chao kikaachiwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wapigania uhuru wa Msumbiji walirudi kujenga Msumbiji. Mtu mwenye ujuzi na akiba ndogo mkononi hurudi akijua ataanzia wapi. Anayeogopa kurudi ni yule ambaye miaka 20 ya kambi imemwacha bila ufundi na bila senti. Anayetaka Warundi warejee kwa hiari na wakae, basi na awape kitu cha kurejea nacho.

Upo pia mkanganyo ambao wakubwa wa ofisi hawapendi kuutazama. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikaingia mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama, kwa masharti na kwa fani zilizoorodheshwa, kutafuta kazi katika nchi nyingine. Mrundi mwenye pasi na nauli anaweza basi kushuka stendi ya Mwanza na kuulizia kazi. Jirani yake aliyekimbia usiku bila pasi atafungiwa. Kumbe kosa lake ni kwamba alikimbia!

MATAJIRI WA DUNIA

Haki haiwezi kutendeka katika jambo hili bila kuwataja wale wanaopenda kuihubiria Afrika. Tanzania ilipojitoa mwanzoni mwa mwaka 2018 katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia wakimbizi kwa njia mpya, moja ya sababu zake ilikuwa kwamba fedha zilizoahidiwa hazikuonekana, na nchi ikatarajiwa kukopa ili iwatunze wakimbizi wa wengine. Hasira hiyo ilikuwa halali. Uingereza, yenye utajiri usiolinganishika na wa Tanzania, ilitangaza mwaka 2022 kwamba itawasafirisha waomba hifadhi kwenda Rwanda. Mahakama yake ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba jambo hilo si halali, na mwaka 2024 serikali mpya ikauzika mpango huo. Wanaotaka kuwasukumia wengine mzigo wao hawana mdomo wa kuifundisha Tanzania ukarimu.

Lakini unafiki wa tajiri hauwi udhuru wa mnyonge kujidhulumu mwenyewe. Ng'ambo ya ziwa hili hili, sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi. Uganda nayo ina matatizo: mgawo umepunguzwa, na kazi hazitoshi. Hata hivyo mkimbizi anayefungua duka Kampala hulifungua mchana. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2021 kuelekea njia hiyo. Tanzania, iliyokuwa mwalimu wa majirani hao, haipaswi kubaki nyuma ikisoma daftari la wanafunzi wake.

LA KUFANYA

Kwanza, daraja E lifanye kazi iliyokusudiwa. Ofisi zinazohusika na kazi na wakimbizi ziunganishe kibali cha kutoka kambini na kibali cha ajira, ili ombi moja lishughulikiwe mahali pamoja na kwa muda unaojulikana.

Pili, vyeti vipimwe. Baraza la Mitihani, Tume ya Vyuo Vikuu na chombo kinachosimamia elimu ya ufundi vina mamlaka ya kulinganisha vyeti vya nje. Wapimaji wapelekwe kambini. Fundi seremala asiye na cheti apewe ubao na msumeno, apimwe kwa kazi yake. Vyuo vya ufundi vya Kanda ya Ziwa vitenge nafasi, kwa gharama ya wafadhili na kwa msaada usio mkopo.

Tatu, sheria za ujira wa chini zimfuate kila anayefanya kazi, awe raia au asiwe. Vyama vya wafanyakazi vivuke malango ya viwanda viende mialoni na mashambani. Anayekutwa na vibarua wasio na vibali, ahojiwe yeye mwenyewe kwanza.

Nne, Taifa lisirudie kosa la kuacha watu njia panda. Warundi zaidi ya 162,000 wa mwaka 1972 waliidhinishiwa uraia mwaka 2010, lakini waliwekwa miaka minne wakingoja vyeti, hadi mwaka 2014. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi, na hawakuwa na karatasi ya Tanzania ya kumwonyesha mwajiri. Miaka minne katika maisha ya kijana anayetafuta kazi ni mingi.

Mwisho ni wajibu wa wasomaji wa ukurasa huu. Mtumishi anayekalia jalada la ombi la kibali asifikiri kwamba anaitumikia nchi. Kila jalada linalolala katika kabati lake linamwamsha mwajiri mdhalimu mahali fulani, na linamshushia ujira Mtanzania asiyemjua. Mwalimu naye anayewafundisha watoto historia ya ukombozi wa Afrika awaeleze pia kwamba wakombozi wale walikuwa wakimbizi, kwamba walifanya kazi katika nchi hii, na kwamba nchi haikupungukiwa na kitu kwa sababu yao. Siku ya tatu ilikwisha kupita zamani. Mgeni apewe jembe, na aliyemfichia aulizwe alikuwa akilima shamba la nani.